Presha Isiyopimwa Mkononi: Kichwa Kinachouma na Kuiba Macho

Mwezi huu nimeomba nafasi kwenye ukurasa huu wa afya. Mimi si mganga, ni mwalimu wa kujitolea wa darasa la nne, wengi mnanijua. Ila jambo hili limeingia nyumbani kwetu, na nimeona nikinyamaza nitakuwa nimekosea. Nilimuuliza daktari maswali mengi mpaka akacheka, na niliyoyasikia niliyaandika kwenye daftari. Haya ndiyo ninawaletea.

ILIVYOANZA

Yaya wangu, dada yangu mkubwa, ni fundi cherehani. Ana umri wa miaka 31 na watoto watatu. Siku moja alimwita mtoto wake amtungie uzi kwenye sindano. Tulimcheka, tukasema, "Yaya, umeshazeeka?" Akajibu kwamba uzi wa siku hizi ni mbaya, unachanua kwenye ncha. Kumbe uzi haukuwa na kosa.

Wiki zilizofuata kichwa kikaanza kumuuma. Asubuhi akiamka kinauma kuliko jioni, na akilala chali kinazidi. Alinunua vidonge vya kutuliza maumivu, vikatuliza kidogo, kiisha kikarudi. Watu wakasema ni malaria. Alikunywa dawa ya malaria mara tatu, na mara mbili kati ya hizo hata damu haikupimwa. Alipopimwa mwishoni, malaria haikuonekana. Wengine wakasema ni tansiyo, yaani presha. Akapimwa mkononi, akaambiwa: "Tansiyo yako ni 12 kwa 8, nzuri kabisa, nenda ukapumzike, una mawazo mengi."

Nani kambini hana mawazo mengi? Tukaamini. Tukaenda nyumbani.

Lakini kulikuwa na mambo mawili ambayo hakumwambia mtu. La kwanza: akiinama kuokota kitambaa, akiinuka macho yanakuwa giza kabisa, kama mtu amezima taa, halafu baada ya sekunde chache yanarudi. La pili: usiku alisikia sauti sikioni, shuu, shuu, shuu. Alifikiri ni upepo unapiga shitingi ya nyumba. Mpaka siku moja alipoweka kidole kwenye mshipa wa shingo akagundua ile sauti inakwenda pamoja na mapigo ya moyo wake. Aliogopa. Alifikiri ni mambo ya kurogwa, ndiyo maana akanyamaza.

Aliyetuokoa ni mwuguzi mmoja aliyemuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Mama, na macho je?" Yaya akalia. Akasema yote. Siku ya tatu tulikuwa na karatasi ya transferi ya kwenda Bujumbura.

TULIVYOFIKA ROHERO

Nilimsindikiza mimi. Tulipita Gitega, tukapanda hadi Bugarama kwenye baridi na ukungu, kisha tukashuka zile kona nyingi mpaka tukaona Ziwa Tanganyika chini. Yaani mimi nililiona. Yaya aliniuliza, "Mdogo wangu, ziwa liko wapi?" Alikuwa akiangalia upande huohuo.

Tulilala kwa mjomba kule Buyenzi, ambako hata mgeni anajisikia nyumbani kwa sababu Kiswahili kinasemwa kila kona. Asubuhi tukatembea kwenda Rohero, tukapita karibu na mahali lilipokuwa soko kuu la zamani, lile lililoungua Januari 2013. Nilimshika mkono kama mtoto, maana gari zikitokea upande wa kushoto alikuwa hazioni.

Daktari wa macho alimtia matone ili mboni zipanuke. Tukasubiri. Akazima taa ya chumba, akachukua tochi yake ndogo, akaangalia ndani ya jicho la kulia, kisha la kushoto, kisha akarudia. Alikaa kimya. Halafu akasema: "Mama, macho yako yenyewe hayana ugonjwa. Ugonjwa uko nyuma yao, ndani ya kichwa. Kuna presha."

Yaya akamjibu, "Daktari, tansiyo walinipima, ni nzuri."

Daktari akasema, "Hiyo ni presha ya damu, inapimwa mkononi. Hii nyingine haipimwi mkononi."

PRESHA MBILI, MAJINA YANAFANANA

Hapo ndipo nilipotoa daftari. Ndugu msomaji, tuelewane vizuri hapa, kwa sababu neno moja linatuchanganya.

Presha ya damu, au tansiyo, ni nguvu ya damu ndani ya mishipa. Presha ya ndani ya fuvu ni kitu kingine. Ubongo wetu unaelea ndani ya maji safi yasiyo na rangi, na maji hayo yanashuka pia kuzunguka uti wa mgongo. Mtu mzima ana karibu mililita 150 za maji haya, kama nusu ya chupa ndogo ya soda. Lakini mwili unatengeneza karibu mililita 500 kila siku. Maana yake maji mapya yanaingia na ya zamani yanatoka kwenda kwenye damu, zaidi ya mara tatu kwa siku.

Sasa fuvu ni mfupa. Halitanuki kama tumbo. Kama maji hayatoki vizuri, yanabana. Kichwa kinauma. Na ile mishipa ya fahamu inayotoka machoni kwenda kwenye ubongo imezungukwa na maji hayohayo. Ikibanwa inavimba. Ikivimba muda mrefu inakufa, na mshipa wa jicho ukishakufa haufufuki. Huo ndio uvimbe aliouona daktari kwa tochi.

Mara nyingine presha hii inatokana na kitu kinachoonekana: uvimbe kwenye ubongo, homa ya uti wa mgongo, kifua kikuu kilichofika kwenye ubongo, au damu iliyoganda kwenye mishipa ya kichwa. Lakini kuna watu ambao daktari anatafuta vyote hivyo asikute kitu. Picha ya kichwa ni nzuri, maji ni safi, lakini presha iko juu. Hii ndiyo wanayoiita presha ya ndani ya fuvu isiyo na sababu inayojulikana.

Ugonjwa huu si mpya. Daktari Mjerumani Heinrich Quincke aliueleza katika miaka ya 1890, yeye ambaye pia aliwafundisha madaktari kupima maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Mwaka 1904 Mjerumani mwingine, Max Nonne, aliupa jina lenye maana ya uvimbe wa uongo wa ubongo, kwa sababu mgonjwa anaonekana kama ana uvimbe na kumbe hana. Mwaka 1955 ukaja kuitwa presha ya upole, eti kwa kuwa hauui. Jina hilo la upole madaktari wameshaliacha. Ugonjwa unaopofusha mama wa miaka 30 una upole gani?

KIHATARISHI SI KISABABISHI

Nilimuuliza daktari, "Kama sababu haijulikani, tutajikingaje?" Akaniambia sababu haijulikani lakini vihatarishi vinajulikana.

Niwape mfano wa darasani kwangu. Shitingi yetu inavuja upande wa dirisha. Mtoto anayekaa pale ana hatari kubwa ya kulowa kuliko wengine. Siyo yeye aliyeleta mvua, na siku nyingine mvua inanyesha halowi. Lakini ukimhamisha pale, umempunguzia hatari. Kihatarishi ndivyo kilivyo. Kuwa nacho siyo kusema utaugua, na kukosa kuwa nacho siyo kusema umepona.

1. Kuwa mwanamke wa umri wa kuzaa. Karibu wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, wengi wa kati ya miaka 20 na 45. Wanaume wapo, ni wachache, lakini wakiupata macho yao yako kwenye hatari kubwa zaidi. Kwa watoto wadogo, wavulana na wasichana wanaupata sawasawa, na unene hauhusiki sana.

2. Unene, na hasa kunenepa haraka. Hiki ndicho kihatarishi kikubwa kuliko vyote. Utafiti wa majimbo ya Iowa na Louisiana huko Marekani, uliotolewa mwaka 1988, ulikuta kwamba kwa mwaka mmoja anaugua karibu mtu 1 katika watu 100,000. Lakini kwa wanawake wa miaka 20 hadi 44 waliozidi uzito unaofaa kwa asilimia 20, ni karibu 19 katika 100,000. Bado ni wachache, lakini tofauti mnaiona. Na siyo lazima uwe mnene sana. Kuongezeka asilimia 5 hadi 15 ya uzito wako ndani ya mwaka mmoja kunatosha kupandisha hatari. Mama wa kilo 60, hizo ni kilo 3 hadi 9 tu.

Najua mtasema, "Mwalimu, chakula chenyewe hakitoshi, huo unene tutautoa wapi?" Ni kweli. Lakini mtu anaweza kukosa chakula bora na bado akanenepa, kwa kula ugali na mafuta na sukari bila mboga, na kukaa siku nzima bila kazi ya kutembea. Na kuna njia nyingine ya kunenepa, ambayo ndiyo iliyotuletea msiba sisi. Naisema hapa chini.

3. Vidonge vya kunenepesha. Hapa naomba akina mama na akina dada msome mara mbili. Katika sehemu zetu mwanamke mwenye mwili anaonekana amependwa na mume na ametulia. Basi kuna vidonge vinauzwa sokoni kimoja kimoja, bila paketi, ati ni vitamini ya kuongeza mwili. Mara nyingi ni deksametazoni, dawa ya jamii ya kotizoni, au siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa. Matumizi haya yanajulikana vizuri mjini Kinshasa, yamefanyiwa hata utafiti, na kwetu mashariki na hapa Burundi vidonge vya namna hiyo tunaviona kwa macho.

Dawa za jamii ya kotizoni zina kazi nzuri hospitalini. Zinaokoa watu wenye pumu na magonjwa mengine. Lakini ukizinywa miezi bila daktari zinakunenepesha haraka, na ukiziacha ghafla presha ya fuvu inaweza kupanda. Kwa hiyo hatari iko kwenye kunywa na iko kwenye kuacha. Kama unazinywa sasa hivi, usiziache leo kwa kuogopa maneno yangu. Nenda kwa mganga, mwambie ukweli, akupunguzie pole pole. Krimu kali za kujichubua ngozi nazo nyingi zina dawa ya jamii hiyohiyo, na ukijipaka mwili mzima kila siku inaingia kwenye damu.

4. Tetrasiklini na doksisiklini. Ni dawa za vijidudu, zinatibu kweli. Lakini katika baadhi ya watu zinapandisha presha ya fuvu, hasa zikinywewa wiki nyingi. Wengine wetu tunainunua "tetra" dukani kwa kila kitu: tumbo, kidonda, chunusi, mafua. Hilo tuache. Lakini msichanganye: serikali ya Burundi ilipotangaza kipindupindu hapa Bujumbura tarehe 1 Januari 2023, wengi tulisikia habari za doksisiklini. Dozi moja anayokupa mganga kwa kipindupindu inaokoa maisha, usiikatae.

5. Vitamini A iliyozidi. Wasafiri wa zamani wa nchi za barafu waliokula ini la dubu mweupe waliugua kichwa vibaya sana, kwa sababu ini lile limejaa vitamini A kupita kiasi. Sisi hatuna dubu, lakini kuna vidonge vya vitamini A na dawa za chunusi za jamii hiyo ambazo vijana wanapeana. Usinywe bila kuandikiwa, na usichanganye na tetra.

Wazazi, hapa msiogope. Ile vitamini A wanayopewa watoto kila miezi sita ni salama na inapunguza vifo vya watoto. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 anapewa yuniti 100,000, wa mwaka 1 hadi 5 anapewa 200,000. Kwa mtoto mchanga utosi unaweza kuvimba kidogo, kisha unarudi wenyewe ndani ya siku moja au mbili. Kosa ni kumpeleka mtoto mara mbili kwa kujificha ili apate zaidi. Na vyakula vya rangi, kama lengalenga, karoti, papai, mawese na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, kuleni bila wasiwasi. Vitamini yake mwili unaitengeneza kwa kadiri unavyohitaji.

6. Upungufu wa damu. Wenye damu kidogo sana wanaweza kupata presha hii, na damu ikiongezwa vizuri wengine wanapona. Kwetu malaria, minyoo na uzazi wa karibu karibu vinamaliza damu, kwa hiyo tupime.

7. Kukoroma na kukatika pumzi usingizini. Kama mwenzako anakuambia unakoroma halafu unanyamaza kama umekufa, kisha unashtuka, mwambie daktari. Pia wenye ugonjwa wa figo, na wanawake ambao hedhi zao zimeharibika pamoja na kunenepa, wako karibu na shitingi inayovuja.

NA UZAZI WA MPANGO JE?

Najua swali hili litakuja kwa sababu maneno yameshaanza kisimani. Zamani vidonge na sindano za uzazi wa mpango vilishukiwa. Tafiti zilizofuata hazikuthibitisha kwamba ndivyo vinavyoleta ugonjwa huu. Kwa hiyo mama asiache sindano yake kwa sababu ya makala hii. Ila kama tangu umeanza unanenepa haraka, na kichwa kinauma na macho yanabadilika, rudi kwa mwuguzi umweleze, mtatafuta njia nyingine pamoja.

Jambo lingine: mama mjamzito anayeumwa kichwa na kuona ukungu, huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Hiyo mara nyingi ni presha ya damu ya mimba, na inaua mama na mtoto. Na aliyejifungua karibuni akiumwa kichwa kikali naye asingoje, sababu damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya kichwa.

DALILI ZA KUSHIKA KICHWANI

Kichwa kinachouma peke yake mara nyingi ni jambo dogo. Kinachotakiwa kutushtua ni kichwa pamoja na jambo lingine kati ya haya:

- Macho kuwa giza kwa sekunde chache ukiinama au ukisimama.
- Sauti ya shuu shuu sikioni inayokwenda na mapigo ya moyo.
- Kuona vitu viwili viwili.
- Kutokuona vitu vya pembeni, kugonga milango, kumwaga maji kwa kukosa kikombe.
- Kichwa kinachozidi asubuhi au ukilala, na maumivu ya shingo na mgongo.

Ukiwa na haya, usiridhike na kupimwa mkono tu. Sema wazi: "Naomba niangaliwe ndani ya macho." Na kama kuna homa na shingo ngumu, degedege, kuchanganyikiwa, au kupoteza macho ghafla, usisubiri transferi ya kesho. Hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo.

SINDANO YA MGONGO

Baada ya daktari wa macho, yaya alipigwa picha ya kichwa, ile wanayoiita skana. Haikuonyesha uvimbe. Kisha wakasema sindano ya mgongo. Yaya akakataa kabisa. Alikuwa amesikia kwamba anayechomwa pale anapooza.

Daktari hakukasirika. Alinigeuza mimi, akanigusa mgongo mbele ya yaya. Akaonyesha: uti wa mgongo wenyewe unaishia hapa juu, sindano inaingia hapa chini zaidi, ambako kuna maji na nyuzi za mishipa zinazoelea. Tena akaeleza kwa nini skana inatangulia: ni kuhakikisha hakuna uvimbe ambao ungefanya sindano iwe hatari. Yaya akaniangalia. Nikamwambia, "Yaya, nipo hapa." Akalala kwa ubavu, magoti kifuani.

Walitumia kibomba kirefu chenye namba. Maji yakapanda ndani yake, safi kama ya mvua. Kwa mtu mzima yakizidi sentimita 25, hiyo ni presha. Ya yaya yalifika 36. Wakatoa kidogo, na usiku ule, baada ya wiki nyingi, alilala mpaka asubuhi. Siku iliyofuata kichwa kilimuuma kwa namna nyingine, akikaa tu, walisema ni kawaida baada ya sindano. Kikapita.

Kisha daktari akamuuliza taratibu kuhusu uzito na dawa. Ndipo yaya akatoboa siri. Kulikuwa na harusi ya binamu yetu. Alitaka aonekane. Alikunywa vidonge vya sokoni miezi minne, akatoka kilo 58 akafika 67. Harusi ilipoisha pesa nayo iliisha, akaviacha siku moja. Baada ya hapo ndipo uzi ulipoanza kuchanua.

Daktari hakusema ndivyo vilivyoleta ugonjwa. Alisema, "Siwezi kuapa. Lakini ulikaa pale panapovuja."

MATIBABU

Dawa aliyopewa inaitwa asetazolamidi, inapunguza utengenezaji wa maji yale. Inaleta ganzi ya vidole, kukojoa mara nyingi, na soda inapoteza ladha mdomoni. Mama mjamzito, au mwenye ugonjwa wa figo, lazima amwambie daktari kwanza. Mwaka 2014 utafiti wa Marekani wa wagonjwa 165 ulionyesha kwamba dawa hii pamoja na kupunguza uzito inasaidia macho kuliko kupunguza uzito peke yake, kwa wale ambao macho yao hayajaharibika sana. Walioharibika zaidi wanahitaji upasuaji, wa kupitisha maji njia nyingine au kupunguza mbano kwenye mshipa wa jicho.

Kupunguza uzito kwa anayeumwa ni dawa, siyo urembo. Lakini usijinyime chakula mpaka unaanguka, na anayenyonyesha aongozwe na mganga. Yaya alipunguza mafuta na sukari, akaongeza mboga, na kila jioni anatembea mpaka shuleni kwetu na kurudi. Kilo zimeshuka taratibu.

Na aliye mwembamba akipata dalili hizi asiambiwe "wewe huwezi". Naye aangaliwe, tena daktari atafute zaidi sababu nyingine.

YALIYOBAKI

Sasa mtaniuliza, yaya amepona? Kichwa kimeacha. Ile shuu shuu imeacha. Jicho la kulia linaona vizuri. La kushoto, ukingo wake haukurudi, na daktari alituambia ukweli kwamba hautarudi. Akishona anageuza kichwa kidogo kama kuku anayesikiliza. Uzi anatungiwa na binti yake. Amesema niandike habari hii ila nisitaje jina lake, ingawa najua nusu ya kambi mtamjua.

Simlaumu mtu. Mimi mwenyewe nilimcheka. Lakini ninahesabu zile wiki tulizopoteza kwa dawa ya malaria bila kupima, na zile alizonyamaza kwa kuogopa uchawi, na ninajua ukingo ule wa jicho ulipotelea humo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu kwa kila familia. Kidonge kisicho na paketi na jina kisiingie nyumbani. Anayesema kichwa kinamuuma aulizwe na macho yake. Na wewe dada unayetaka mwili wa harusi, harusi ni siku moja tu, na macho utayahitaji miaka yote iliyobaki.

Mwenye swali aliandike aliweke kwenye sanduku la maoni shuleni, tutampelekea mwuguzi na kujibu mwezi ujao. Asiyejua kuandika aje nimwandikie, niko darasani mpaka saa nane.